Somo: Askari wawili dhidi ya watatu (ufunguzi wa Gambiti ya Malkia, tawi la kubadilishana)

Wadau wa chesi Mbeya, somo mliloomba ni hili. Wengi wetu tumetokea kwenye drafti za vijiwe vya Mwanjelwa, ambako kete ikilika lazima uile. Huku hakuna lazima, na mpango huu unataka subira.

Hatua ya 1. Wewe ni Mweupe. Herufi na namba ni mraba, x ni kula: cxd5 ni askari wa mstari wa c kula d5. Tufike hapa: 1. d4 d5 2. c4 e6 3. farasi c3, farasi f6 4. cxd5 exd5 5. askofu g5, askofu e7 6. e3 c6 7. askofu d3. Kisha malkia c2, farasi f3, mfalme g1 pamoja na ngome f1 (kwa mkupuo mmoja, castling). Malkia na askofu hao wanamnyima askofu wa c8 mraba wa f5.

Hatua ya 2. Upande wa malkia (mistari ya a hadi c) wewe una askari wa a na b. Mweusi ana a, b na c. Mcheza drafti atakwambia hapo usiguse. Sisi ndipo tunaposhambulia! Ngome b1, b4, halafu b5. Akicheza a6, tanguliza a4. Unakula c6, anarudisha kwa askari wa b. Sasa c6 hana askari wa kumlinda, na ngome zako zinamtazama moja kwa moja. Usikimbilie kumla. Kete zake zifungwe kwanza kwenye ulinzi. Akila b5 badala yake, askari wake wa d5 anabaki yatima, hana askari jirani wa kumlinda.

MASWALI

Tukuyu: Mkuu, nikicheza b4 naye akajibu b5?

Jibu: c5 inakuwa shimo la farasi wako, askari wake hawawezi kumfukuza hapo. Ila angalia farasi wake aliyetoka b8 hadi d7: akipita b6 hadi c4, anaziba mstari na c6 anapona. Mimi hucheza b4 farasi huyo akishakwenda f8.

Mafinga: Nikiwa bado huko, ananijia kwa mfalme: farasi e4, f5, ngome e6 hadi h6. Nakufa mapema.

Jibu: Mstari wa e ni wake, lazima aje. Badilishaneni kete, askofu kwa askofu na farasi kwa farasi, na askari wa mbele ya mfalme usiwasogeze ovyo.

Uyole: Farasi wa g1 aende e2 je?

Jibu: Inafaa, ndipo unapata f3 na e4, mpango ambao Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani, aliutumia. Lakini ukisukuma e4 kete hazijatoka zote, atakayesumbuliwa ni d4 wako.