Kabla Hujafunga Sanduku la Maiki

Mimi ni fundi mitambo, Tanga. Harusi, maulidi, kicheni pati, mikutano ya kampeni, hata hitima nimeshafunga spika. Maiki nilizoziua kwa kuziangusha hazizidi mbili. Nilizoziua zikiwa zimelala ndani ya sanduku, chumbani, mlango umefungwa, bila mtu kuzigusa, ni nyingi zaidi ya hapo, na ndiyo sababu naandika haya. Fanya utakavyo, lakini ukinipigia simu saa kumi jioni siku ya shughuli, swali langu la kwanza litakuwa: ulizihifadhi wapi?

Yale ambayo kila mtu anayajua tuyapite upesi. Maiki haitupwi kwenye begi moja na koleo, nyaya na misumari. Kila moja iwe na kava lake, hata kama ni soksi nene iliyofuliwa. Chomoa waya kabla ya kufunga, maana waya ulioachwa umechomekwa hupinda shingoni na kulegeza zile pini tatu za XLR, ile plagi ya maiki. Na waya usiukunje kwa kuuzungusha kwenye kiwiko na kiganja. Nyuzi za ndani hujisokota mpaka zikakatika, kisha unalaumu maiki kwamba inakatakata kumbe mgonjwa ni waya. Kunja duara kubwa, moja kwa nje, linalofuata kwa ndani, funga kwa kitambaa, basi.

Jambo la pili, jua umebeba nini, kwa sababu maiki hazifanani roho. Zile za dainamiki, ambazo wengi wetu ndizo tunazotumia, ni ngumu. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na umaarufu wake umetokana na kuvumilia watu kama sisi. Ikianguka, mara nyingi kinachobonyea ni neti ya kichwa, na neti hufunguliwa kwa mkono na kununuliwa nyingine. Adui yake ni unga wa chuma. Ndani kuna sumaku, na sumaku haichagui. Ukizipakia kwenye kirikuu pamoja na vyuma vya hema vilivyotoka kukatwa kwa fundi wa kuchomelea, vumbi lile hupenya kwenye neti na kung'ang'ania karibu na kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti, na kulitoa ni kazi ya mtu mwenye subira kuliko mimi. Kwa hiyo maiki zikae mbele na dereva, vyuma nyuma.

Maiki ya kondensa ni mtoto wa mayai. Kiwambo chake ni plastiki nyembamba mno iliyopakwa dhahabu, kimesimama umbali mdogo sana na bamba la nyuma, na chote kinaishi kwa chaji ya umeme. Zima zile volti 48 zinazoilisha umeme kutoka kwenye miksa, subiri nusu dakika, ndipo uchomoe. Kuhusu maiki za riboni, zile zenye utepe badala ya kiwambo, sisemi mengi kwa kuwa wenye nazo hapa mjini ni wachache: ule utepe wa alumini ukae wima, usiipulize kwa mdomo hata kwa mzaha, na ufunge kifuniko cha sanduku polepole, maana hata upepo wa kifuniko kinachobamizwa unatosha kuunyoosha.

Sasa nije kwenye sanduku.

Mwaka 2019 nilitengenezewa sanduku la nguvu, kona za chuma, vifungo vinne. Nikaenda kwa muuza magodoro, akanikatia sponji nene, nami nikalichimba kwa wembe mashimo manane: maiki sita za mkono, mbili kati yake zisizo na waya, na kondensa mbili nilizokuwa nikirekodia kaswida. Nilitamba nalo. Nikifika ukumbini nalifungua taratibu ili watu waone.

Mwaka ule Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Mei, katikati ya masika. Watu wa Pwani mnajua Shaabani ilivyo, harusi zinagombea Jumamosi, kisha linakuja vunja jungu. Shughuli yangu ya mwisho ilikuwa vunja jungu la ufukweni, Raskazone. Upepo wa bahari, samaki wa kuchoma, kila shangazi anataka kuimba na kila mmoja anaimeza maiki kama muwa. Usiku mvua ikaanza kunyunya, ile ya kulowesha nywele tu. Nikakimbilia maiki. Nikazivika rambo mojamoja, nikazipachika kwenye sponji, nikabana vifungo vyote vinne. Spika zililowa, meza ililowa, mimi nililowa, lakini sanduku lilikuwa limefungwa na nikajiona fundi kweli. Nyumbani nikalisukuma chini ya kitanda. Mwezi wa toba hakuna rusha roho, kwa hiyo sikuligusa mpaka mwezi ulipoandama.

Usiku wa kuamkia Idi nikalivuta. Harufu ilinifikia kabla ya macho: harufu ya godoro la mtoto. Sponji lilikuwa limekunywa ule unyevu na kuushikilia mwezi mzima, kama godoro lolote, kwani lilikuwa godoro. Ndani ya rambo kuna matone. Neti tatu zimeshika kutu. Lile povu jembamba ndani ya neti limeota ukungu wa kijivu. Mate ya mashangazi na chumvi ya bahari vilikuwa vimepata nyumba yenye joto na giza, vikafanya makazi. Nikachomeka kondensa ya kwanza, ikatoa sauti ya bisi zinazokaangwa: pa, papa, pa. Ya pili vilevile. Unyevu ukiingia pale ndani, chaji hupata njia ya kuvuja, na kila inapovuja unaisikia kwenye spika. Halafu nikafungua zile mbili zisizo na waya. Sikuwa nimetoa betri. Zilikuwa zimetapika, springi zote zimegeuka kijani, na maiki moja haikuwaka tena mpaka leo.

Idi pili nilikuwa na harusi Chumbageni. Nilikwenda kumwangukia fundi mwenzangu, akaniazima maiki nne na kunisimanga kwa mwaka mzima. Na kinachonichekesha hadi leo, marufuku ya rambo huku bara ilianza Juni mosi mwaka uleule. Serikali ilichelewa mwezi mmoja tu kuniokoa.

Kosa la pili nilifanya baada ya hapo, na hili wengi hawalijui. Sponji nililianika juani, likakauka, nikalirudisha. Baada ya miaka miwili likaanza kumong'onyoka lenyewe: ukiligusa linatoa unga wa njano unaonata, na unga ule uliingia kwenye neti, kwenye swichi, kwenye tundu la waya. Sponji la godoro katika joto na unyevunyevu wa pwani hufa hivyo hata kama hulilalii. Kwa hiyo usiweke godoro ndani ya sanduku. Weka lile povu jeupe linalopindika, linalokuja limezungushiwa televisheni au friji. Ukiwa na shaka, kata kipande, kizamishe kwenye bakuli la maji, kikamue. Kikitoa maji, si chako.

Basi utaratibu wangu wa sasa ni huu, na sipunguzi hata hatua moja. Shughuli ikiisha, maiki hairudi kwenye sanduku ikiwa imetoka mdomoni mwa mtu. Naipangusa kwa kitambaa kikavu. Nyumbani, hata iwe saa nane za usiku, nafungua neti za dainamiki, nazipanga mezani na kuziacha hadi asubuhi feni ikizunguka. Kila baada ya shughuli mbili tatu naziosha neti hizo, neti tu, kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, maana rangi ya mdomo na mate hukaa pale. Zikauke kabisa ndipo zirudi. Kichwa chenyewe hakiguswi na maji wala hakipulizwi. Kondensa siifungui kamwe.

Zikikauka ndipo zinaingia kwenye makontena ya plastiki, yale ya jikoni yenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na vipakiti vya silika jeli. Silika ndani ya begi la kitambaa ni mapambo. Itanyonya unyevu wa Tanga nzima na kuchoka ndani ya siku chache. Lazima chombo kizibe. Nunua ile inayobadilika rangi: ya chungwa hugeuka kijani ikishashiba, na inaweza kurudishwa kazini kwa kuikausha kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa kadhaa. Ile ya bluu inayogeuka waridi ina kobalti, usiipeleke jikoni. Na mchele, jamani, mchele uacheni uwe pilau. Haunyonyi cha maana, na unga wake utaingia pale ulipokuwa unapakimbia.

Betri: toka nje. Si kesho, usiku huohuo. Ukikuta zimeshavuja, vaa glovu, pangusa kwa pamba yenye siki au ndimu kidogo, kisha kwa spiriti, acha ikauke. Wakati mwingine hupona.

Kuna mtego mwingine ambao huwapata wanaotoka kwenye ubaridi. Umelala hoteli yenye kiyoyozi, au umesafiri kwenye basi la baridi kali, umefika, umefungua kava palepale kwenye joto la nje. Chuma baridi kikikutana na hewa yenye unyevu, kinatoka jasho kama chupa ya soda. Liache begi limefungwa kwa nusu saa kwanza, lipate joto pole pole, jasho litoke nje ya begi na si ndani ya maiki. Dainamiki itakuvumilia ukikosea. Kondensa itaanza kukaanga bisi mbele ya bwana harusi.

Njiani, basi. Buti si mahali pa maiki. Kuna joto, kuna vumbi, na kuna gunia la dagaa ambalo konda atakuapia ni jepesi. Kule juu ya vichwa nako, dereva akikanyaga breki linakuja. Weka mapajani au katikati ya miguu. Gari dogo likisimama juani na vioo vimefungwa linakuwa tanuri, gundi za ndani zinalegea, kwa hiyo ukishuka kula na begi lishuke. Bodaboda, begi liwe kifuani na si mgongoni wala kwenye keria. Mgongoni hulioni likifunguka zipu.

Boti ya Unguja kutoka Dar ni safari ya kama saa mbili na watu hupenda kupigwa upepo juu. Wewe pigwa upepo, maiki zikae ndani. Chumvi haina haraka, lakini haisahau. Na usizifunge kwa rambo ukidhani unazikinga: Unguja zilipigwa marufuku zamani kuliko bara, utazozana bandarini bure. Kontena lenye mpira linatosha.

Ndege, maiki zipande nawe juu. Betri za lithiamu za akiba, kisheria, hazikai kwenye mzigo unaokwenda chini. Zibebe mkononi, kila moja ncha zake zimezibwa kwa utepe. Mashine ya ukaguzi haiziharibu maiki. Askari akitaka kufungua, mfungulie mwenyewe, taratibu, umweleze ni nini. Begi lililojaa vyuma vyenye vichwa vya duara na nyaya si ajabu likamshtua mtu.

Bandika namba kwa utepe wa rangi kwenye kila maiki, andika na namba yake ya kiwandani kwenye daftari, si kwenye simu, simu nazo huibwa. Hesabu ukitoka nyumbani, hesabu ukifika, hesabu kabla hujakaa kula, kwa sababu ukishakaa kula ndipo MC anapoondoka na moja mfukoni akidhani ni yake. Ufunguo wa sanduku ukae nao wewe. Kijana wa kukusaidia umfundishe kukausha kabla hujamfundisha kuchanganya sauti. Usiazimishe maiki bila kava. Usiazime pia. Msikiti ukikupa stendi, irudishe siku ileile. Na ukihesabu usiku ukakuta maiki moja zaidi ya ulizokuja nazo, usifurahi. Kuna mwenzako anageuza mabegi muda huu.