Hesabu viti kabla ya kuahidi: ofa za ufadhili katika futiboli ya Kimarekani vyuoni Marekani

Ofa ya mdomo haimfungi mtu yeyote. Kocha anaweza kuitoa kwa simu kijana akiwa ndiyo kwanza anaingia sekondari, kisha akaifuta kwa simu nyingine miaka mitatu baadaye, na asiwe amevunja kanuni hata moja. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaruhusu ofa ya maandishi kuanzia tarehe 1 Agosti tu, kijana anapoingia mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Kabla ya hapo kinachomlinda ni tabia ya benchi la ufundi, na tabia hiyo huanzia kwenye hesabu.

Anza na kikosi, usianze na video za wachezaji. Tangu 1 Julai 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mapatano ya kesi ya House, yaliyoviruhusu kuwapa wachezaji mgawo wa mapato, havibanwi tena na kikomo cha ufadhili 85. Kinachovibana ni kikosi kisichozidi wachezaji 105, na kila nafasi kikosini ndiyo kiti. Tuseme 22 wanamaliza muda wao wa kucheza, na unakisia wengine 12 watahama. Makocha wengi hujumlisha 34 na kuanza kugawa. Kosa liko hapo: vijana wa sekondari huanza kutia sahihi Desemba, ilhali dirisha la uhamisho la 2026 lilipangwa 2 hadi 16 Januari. Maana yake umeahidi viti ambavyo wenyewe bado wamevikalia. Wakihama 5 badala ya 12, una watu 7 wa ziada, na watakaotemwa ni wale wasio na wa kuwasemea.

Kwa hiyo vijana wa sekondari wapewe viti vya uhakika peke yake. Kati ya hao 22, toa 18 kwao na ubakize 4 kwa wachezaji wanaojilipia ada. Viti vya kukisia waachie wachezaji wa kuhama, uvijaze mwenye kiti akishaondoka kweli.

Mwaka 2009 Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, chini ya kocha Houston Nutt, ilisajili vijana 37 wakati kanuni iliruhusu wapya 25 kwa mwaka. SEC, ligi ambamo chuo hicho hucheza, ikaweka kikomo cha sahihi 28, na baadaye ikakishusha hadi 25. Kikomo cha NCAA cha 25 kwa mwaka nacho kimeshaondolewa, hivyo breki iliyobaki ni daftari lako mwenyewe.

Daftari hilo liwe na ukurasa kwa kila nafasi ya uwanjani: wanaohitajika, wanaobaki, viti vilivyo wazi, waliopewa ofa kwa mpangilio wa upendeleo, nani alizungumza nao, lini, na kwa maneno gani. Liandikwe na mtu mmoja. Kocha msaidizi asitoe ofa kabla kocha mkuu hajaikubali na kuiona imeandikwa, maana ofa nyingi zinazoleta ugomvi hutolewa na msaidizi aliyenogewa na mazungumzo sebuleni kwa watu.

Kutoa ofa nyingi kuliko viti si dhambi, kwa sababu wengi watakataa. Ukiwa na kiti kimoja cha kwotabeki, mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, unaweza kuwapa ofa vijana wanne, ilimradi kila mmoja ajue kiti ni kimoja na atakayekubali kwanza ndiye mwenyewe. Udanganyifu ni kumficha kijana foleni. Pima kila ofa kwa swali hili: akipiga simu leo na kusema ndiyo, utampokea? Kama utampokea, mwambie: "Una ofa. Ukikubali leo, kiti ni chako." Kama hutampokea, usilitumie neno ofa kabisa. Sema: "Tunakufuatilia, lakini kuna wawili mbele yako, nitakupigia mwisho wa Juni kukuambia ulipofikia." Akilisikia neno ofa atalitangaza mtandaoni usiku uleule, na huenda akaacha kujibu vyuo vidogo ambavyo vingempa kiti cha kweli.

Ofa iwe na mwisho unaojulikana, lakini si wa saa 48. Siku 14 ni kiwango cha haki. Kama familia bado haijatembelea chuo, subiri ziara ipite. Kiti kikijazwa, wapigie waliobaki siku hiyohiyo, kabla hawajaiona habari kwenye simu zao.

Sababu za kufuta ofa zitajwe siku ya kuitoa. Zinazokubalika ni chache: kutofikisha kozi 16 za msingi au wastani wa alama wa 2.3 ambao NCAA inadai kwa Divisheni ya I, ngazi yake ya juu, kukataliwa na ofisi ya udahili, na utovu mkubwa wa nidhamu. Jeraha lililompata baada ya kukubali halimo. Kumpata mwingine mwenye mbio zaidi halimo pia, ingawa ndiyo sababu inayotumika mara nyingi, ikivishwa nguo nyingine. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hapa mlipaji huwa yule aliyeahidiwa. Ukilazimika kufuta, kocha mkuu apige simu mwenyewe, amweleze kijana, mzazi na kocha wa sekondari, na afanye hivyo kabla ya Septemba, vyuo vingine vikiwa bado na viti. Kuacha kujibu ujumbe hadi kijana achoke na kuondoka mwenyewe ni kufuta ofa kwa njia ya woga.

Aliyekubali akitembelea chuo kingine, je, anapoteza kiti? Mwambie mapema, na sheria ikate pande zote: kama unaendelea kutafuta mwingine wa nafasi yake, huna haki ya kumwadhibu kwa ziara. Hali kadhalika mpango wa kumwahirisha aanze chuo Januari, ambapo kwa kawaida hukaa muhula mzima bila ufadhili: ausikie kabla ya kukubali. Kuusikia wiki ya kutia sahihi ni kuwekewa mtego.

Kwenye maandishi ndiko kuna kazi zaidi sasa. Hati ya kitaifa ya kusudio, ambayo kijana alijifunga nayo kwa chuo kimoja na iliyodumu tangu 1964, iliondolewa Oktoba 2024. Kinachotiwa sahihi ni mkataba wa msaada wa fedha. Usomeni pamoja na familia: unalipia ada, malazi, chakula na vitabu kwa kiwango gani, ni wa mwaka mmoja au zaidi, na unasitishwa kwa sababu zipi. Kisha lisemeni lile ambalo wengi huliruka: ufadhili na kiti kikosini ni vitu viwili, na kwa kikomo cha 105 mchezaji anaweza kubaki na cha kwanza akapoteza cha pili. Fedha za mgawo wa mapato zina mkataba wake. Kiasi ambacho hakijaandikwa humo kisitajwe kwa mdomo.

Makocha nao huhama, mara nyingi wiki zilezile za sahihi. Daftari libaki ofisini kwa mkurugenzi wa michezo, na kocha mpya awapigie wote waliomo ndani ya siku 3, kila mmoja aambiwe kama kiti chake bado kipo.