Goti la mama, mgongo wa hamali: jinsi ya kupunguza maumivu ya misuli na viungo

Mbuzi ya mama ya kukunia nazi imenizidi umri. Ubao wake umelainika kwa kukaliwa, na kimo chake kutoka sakafuni ni shubiri moja tu. Kwa miaka mingi mama alikuwa akimaliza swala ya alfajiri anaikalia, magoti yamekaribia kifua, anakuna nazi tatu au nne za vitumbua vya kuuza. Mwaka aliotimiza miaka 63, asubuhi moja alipotaka kuinuka alishika ukuta akabaki hapo. "Mwanangu, goti hili lanila," aliniambia nilipopita kumwamkia.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimefanya kazi hii hapa Mombasa miaka 16. Iliniuma kujua kwamba kabla ya kunieleza mimi mwanawe, alikuwa ameshachuliwa na jirani kwa mafuta ya nazi yaliyokaangiwa kitunguu saumu, ameshadungwa sindano mbili za maumivu kwenye duka la dawa, na ameshaacha kwenda sokoni kwa miguu. Kila tiba ilimpa nafuu ya siku mbili tatu, kisha goti likarudi palepale.

Sikumkataza kuchuliwa. Kuchua, maji moto, barafu na vidonge vyote vina faida, na faida yenyewe ni kuyatuliza maumivu kwa muda. Muda huo ndio wa kuufanyisha mwili mazoezi kwa kipimo, ili misuli ipate nguvu ya kukibeba kiungo. Wengi wanaokuja kwangu wameutumia kulala, au wamerudi mzigoni siku hiyohiyo kana kwamba wamepona. Haya ndiyo ninayowafundisha.

Yasiyotibiwa nyumbani

Jikague kwanza. Mgongo ukiuma pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo, au ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au mguu kulegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mgongo unaouma na huku una homa, jasho la usiku na mwili unakonda, usiuache upite wiki bila daktari, kwa sababu kifua kikuu hushika pingili za mgongo pia. Kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa cha moto, nawe una homa, usingoje. Na shavu la mguu likivimba upande mmoja, likapata moto na kuuma, usilichue hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge likisafiri hadi mapafuni laweza kuua. Hili nawasihi hasa akina mama mnaochua watu mitaani kwa mapenzi na mikono mizuri: tazameni kwanza, ndipo mtie mafuta.

Barafu au maji moto?

Kijana akiteguka kifundo cha mguu uwanjani, siku 2 au 3 za mwanzo ni za barafu. Ile ya mfuko wa nailoni inayouzwa madukani yatosha. Ivunjevunje, ifunge kwa kitambaa kilicholowa, uiweke dakika 15, kisha uitoe. Waweza kurudia baada ya saa 2 au 3. Usiigusishe ngozi tupu, huunguza. Funga kifundo kwa bendeji, lala mguu ukiwa juu ya mito, na usikubali mtu akikande kwa maji moto wala kukivutavuta "kirudi." Akishindwa kukanyaga hatua 4, au mfupa wa pembeni ya kifundo ukiuma unapobonyezwa, apigwe eksirei.

Mwaka 1978 daktari mmoja wa Marekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyeeneza agizo la kupumzisha, kutia barafu, kubana na kuinua. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alirekebisha kauli yake, akasema barafu na kupumzika kabisa huweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo mimi barafu naitumia kutuliza maumivu tu. Siku ya pili, kama hakuna mvunjiko, mguu waanza kuchezeshwa: andika alifu mpaka ye hewani kwa kidole gumba, au a mpaka z, asubuhi na jioni.

Maji moto ni ya maumivu ya zamani, misuli iliyokakamaa na viungo vizito asubuhi. Chovya taulo, likamue, liweke dakika 15 hadi 20. Mwenye kisukari asijipimie moto kwa miguu yake, kwa kuwa ganzi humdanganya. Mtu mwingine apime kwa kiwiko. Nimewahi kufunga kidonda cha mzee aliyeungua unyayo bila kuhisi, na kidonda kile kilichukua miezi.

Ukichua, tia mafuta ya kutosha, ya nazi au ya ufuta, uvute taratibu kuelekea upande wa moyo kwa dakika 5 hadi 10. Mgonjwa asilie. Kuna imani kwamba kuchuliwa kusikouma hakuponyi, nami siiafiki kabisa: msuli ulioumizwa hujibana zaidi. Ukimaliza kuchua, mwinue mtu, afanye mazoezi yake papo hapo wakati mwili bado una joto.

Kuhusu vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni, ni vya siku chache na baada ya chakula. Vikizoewa huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na hupandisha presha. Mwenye presha, figo au vidonda amuulize daktari kwanza.

Kipimo

Wagonjwa wangu huyapa maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Zoezi likiyafikisha 3 au 4, endelea. Yakipita 5, punguza. Kisha tazama kesho yake: ikiwa baada ya saa 24 goti bado linauma kuliko ulivyoanza, ujue kipimo ndicho kilichozidi. Kata nusu, usiache.

Goti

Nilipolishika goti la mama lilikuwa linalia kama mchanga chini ya kandambili. Asubuhi lilikakamaa kama dakika 10, likalainika akitembea. Hiyo ni dalili ya kuchakaa kwa gegedu, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa kwenye kiungo. Kama kukakamaa kungepita saa nzima, na vidole vya mikono navyo vimevimba pande zote mbili, ningempeleka kwa daktari apimwe baridi yabisi, maana ugonjwa ule una dawa zake na ukicheleweshwa huharibu viungo.

Tulianzia kitandani. Kunja taulo liwe donge, liweke chini ya goti, lisukume chini kwa kulikaza paja, hesabu 5, legeza. Mara 10 kila mguu. Weka kiganja juu ya paja uhisi msuli ukisimama. Wiki ya kwanza paja la mama la kulia lilikuwa laini kama unga wa mahamri ulioumuka, na hapo nilifahamu kwa nini goti lilikuwa peke yake kazini.

Wiki ya pili, kiti. Tafuta kiti cha kulia chakula, kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, vuta nyayo nyuma kidogo, inamisha kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha inuka. Kushuka ndiko kwenye dawa: hesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo makalio yaguse kiti. Mara 10, pumzika, mara 10 tena, siku 3 au 4 kwa wiki. Asiyeweza aongeze mto juu ya kiti, kwa kuwa kiti kirefu ni rahisi zaidi. Mama alianza na mito miwili. Ilipotimu wiki ya sita hakuwa na hata mmoja.

Ngazi za nyumba za Mji wa Kale ni kali, na maumivu mengi ya goti hutoka hapo. Unapopanda, utangulize mguu mzima. Unaposhuka, utangulize mguu mgonjwa. Fanya vivyo hivyo kwenye mteremko wa feri Likoni, upande wenye cha kushika, uwaache wenye haraka wapite.

Fimbo hushikwa mkono wa upande usiouma. Karibu kila mzee anayeingia kwangu ameishika upande wa goti bovu. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Urefu wake: simama wima, mikono ining'inie, kichwa cha fimbo kilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono pale unapokutana na kiganja. Ikizidi, ikate.

Uzito nao nauzungumza kwa upole, lakini nauzungumza. Kila kilo 1 ya mwili inayopungua huliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 katika kila hatua. Ndiyo maana napenda bahari kwa wenye magoti mabovu. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu ya uzito tu. Ufuo wa Pirates asubuhi, maji yakiwa yametulia, tembea dakika 15 sambamba na pwani ukiwa na viatu vya plastiki na mwenzako kando.

Sasa ile mbuzi. Nilimwomba fundi seremala aupachike ule ulimi wake kwenye benchi la kimo cha goti, na sinia ikae juu ya kigoda mbele. Mama alikataa. "Nazi hukunwa chini," alisema, akanirudishia benchi langu. Wiki mbili lilikaa uani likianikiwa vitambaa. Kisha siku moja nikamkuta amelikalia, anakuna, wala hakusema neno, nami sikusema. Swala pia anaswalia kitini siku goti linapowaka, na dini imempa ruhusa hiyo.

Mgongo

Hamali mmoja wa soko la Kongowea aliletwa kwangu na kakaye, anatembea amejikunja. Alikuwa ameambiwa alale chali asijitikise, na alikuwa amelala wiki 3. Ushauri wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida zamani, na bado watu wanapewa. Mgongo usio na zile dalili za hatari hupona vizuri zaidi ukitembezwa. Siku moja au mbili za kulala zatosha.

Siku ya kwanza alilala chali, magoti ameyakunja, akayayumbisha kulia na kushoto kama mtoto anayebembelezwa, mara 20. Kisha akainua nyonga kutoka kitandani, akahesabu 5, akashusha, mara 8. Nikamtuma atembee dakika 10, mara 3 kwa siku. Basi. Alinitazama akasema, "Dada, hii ndiyo dawa?" Nikamwambia arudi baada ya siku 4 tuone.

Alirudi amenyooka kidogo, tukaanza jerikeni. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo kila nyumba ina vifaa vya mazoezi. Wiki hiyo lita 5: isogelee mpaka iguse miguu, kunja nyonga na magoti, ibane mwilini, inuka, na ukigeuka geuka kwa nyayo, usipinde kiuno. Mara 10, kila siku ya pili. Wiki inayofuata lita 10. Yeye aliruka akabeba lita 20, maana nyumbani unga ulikuwa umekwisha na alitaka kurudi sokoni. Maumivu yakapanda hadi 7, akakosa usingizi siku 2. Sikumlaumu. Tulirudi lita 5, tukapanda taratibu, na wiki ya tisa alirudi kazini kwa nusu siku. Gunia la viazi kisheria halipaswi kuzidi kilo 50. Nilimwomba akatae lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, au waibebe wawili, na hilo nawaomba hata wenye mizigo wanaosoma hapa.

Bega lililoganda huwashika sana wenye miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari zaidi. Huchukua muda, pengine mwaka au zaidi, kwa hiyo usikate tamaa. Inama mbele, mkono mzima umeshika meza, ule mwingine uuache uning'inie ukizunguka kama ndoo ya kisimani, dakika 2, mara 3 kwa siku. Kisha tembeza vidole ukutani kama buibui na utie alama ya chaki pale vilipofika. Mafundi wa cherehani, inukeni kila nusu saa mrudishe mabega nyuma mara 10.

Ukifanya haya wiki 6 bila mabadiliko, tafuta mtaalamu. Muulize leseni yake. Sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza linalosimamia wataalamu wa fiziotherapia Kenya, na mwenye leseni hachukii kuulizwa. Njoo na vidonge vyote unavyotumia, picha za eksirei kama unazo, na suruali au dera pana litakalopanda juu ya goti. Viatu vaa vile unavyofanyia kazi, usinijie na vya Ijumaa.