Unanunua mita ya kupimia jenereta? Tafuta Hz kwanza

Mimi si fundi umeme. Nauza juisi na barafu Jang'ombe, nina friza mbili na jenereta ya kVA 2.5 ambayo marehemu mume wangu aliinunua katika lile giza lililoanza Disemba 2009, Unguja nzima ilipokaa miezi mitatu hivi bila umeme wa kutoka bara. Aliyekuwepo anakumbuka mji ulivyokuwa ukinguruma usiku. Jenereta hiyo bado inawaka. Kilichokufa ni kompresa ya friza moja, mwaka jana, na nusu ya kosa ni ya mita niliyoiamini.

Shemeji yangu alikuja, akaona jenereta inakunywa petroli, akalegeza skrubu ya gavana, kidude kinachochunga mwendo wa injini, ili injini ishuke mwendo. Kelele zikapungua, petroli ikapungua, tukamshukuru na kumpa juisi ya bure. Nami nikaenda na mita yangu ya njano, DT830, ile ndogo iliyojaa madukani, niliyoinunua 12,000. Nikapima soketi: 231. Nikaona mambo sawa. Friza ikawa inavuma kwa sauti nzito, ubavu wake hauguswi kwa moto, na siku ya tatu ikanyamaza. Fundi wa friji alipokuja na mita yake alipima volti kama nilivyopima mimi, akapata 230, kisha akabonyeza kitufe kimoja. Kioo kikaandika Hz 44, yaani umeme unageuka mara 44 kwa sekunde badala ya 50.

Alinieleza hivi. Ndani ya jenereta kama yangu kuna AVR, kidude kinachochunga volti. Injini ikipunguza mwendo, AVR inaongeza sumaku na volti zinabaki palepale. Kwa hiyo volti peke yake haziwezi kukuambia injini inakwendaje. Hz zinakuambia. Hizi jenereta ndogo za kelele tulizonazo wengi huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata 50. Yangu ilikuwa imeshuka mpaka 2,640. Na mota ya friza ukiipa volti zilezile kwa Hz pungufu, inavuta umeme mwingi kuliko inavyostahili na kuchemka. (Zile jenereta za inveta, zenye sauti ya chini, ni habari nyengine: Hz zake zinapangwa na elektroniki, si na mwendo wa injini.)

Basi ukienda dukani usianze na bei wala rangi. Uliza: inapima Hz kwenye umeme wa nyumbani? Uliza hivyohivyo, maana kuna mtego. Mita nyengine zina alama ya Hz, lakini sehemu hiyo ni ya vijimawimbi vya volti chache tu, na ukiichomeka kwenye 230 unaweza kuiua. Unayoitaka ni ile ambayo kisu, swichi yake ya kuzungusha, kinabaki kwenye V~, alama ya volti za umeme wa nyumbani, kisha unabonyeza kitufe na Hz zinatokea. Muuzaji akisema "inapima kila kitu", mwambie achomeke kwenye soketi ya duka mbele yako. Umeme wa shirika ukiwepo, lazima isome 50 au jirani yake kabisa. Hapohapo mwombe mita nyengine, ya bei ya juu, pima soketi ileile kwa zote mbili. Zikipishana volti mbili tatu, si neno. Zikipishana 15, rudisha.

La pili ni tundu la 10A, la kupimia ampea. Geuza macho kwenye ile mita ya njano utaona pembeni ya tundu hilo imeandikwa UNFUSED, yaani hakuna fyuzi inayokulinda. Ukisahau waya mwekundu humo kisha ukapima soketi, umeunganisha waya wa moto na wa baridi kwa mkono wako mwenyewe. Nimeona ncha za mita zilizoyeyuka namna hiyo, nyeusi kama mkaa. Kwa sababu hiyo peke yake, mtu wa nyumbani namshauri anunue mita ya koleo, ile yenye mdomo kama wa kaa. Nyingi hazina tundu la 10A kabisa. Umeme unaopita unaupima kwa kuubana waya kwa nje. Yangu nimeipata kwa 60,000: inasoma volti, Hz, ukinzani, inalia waya ukiwa mzima, na inapima ampea.

Kuhusu maandishi ya CAT, daraja la usalama wa mita, tafuta CAT III 600V. Lakini kuandika hakugharimu kitu, kwa hiyo shika na nyaya: ziwe nene, laini, ncha zimefunikwa plastiki mpaka karibu na mwisho. Nyaya nyembamba kama za redio, hata mita iandikwe nini, acha. True RMS, yaani mita inayosoma sawasawa hata mawimbi ya umeme yaliyopinda, ni nzuri ukiipata, kwa kuwa mawimbi ya jenereta za bei rahisi hayakunyooka kama ya shirika na mita ya kawaida inayasoma kwa kukisia. Ikipandisha bei sana, iache, Hz usiiache.

Sasa kupima. Jenereta iwe nje, mbali na madirisha, maana moshi wake unaua bila harufu ya kukushtua. Chomoa kila kitu. Iwashe, iache dakika tano ipate moto. Waya mweusi kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye la VΩ, kisu kwenye V~. Kama ni mita ya kuchagua kipimo mwenyewe, weka 600 au 750, usiweke 200. Soketi zetu za matundu matatu zina vifuniko ndani, na nimeona watu wakivisukuma kwa kalamu. Mimi nachomeka ekstensheni ya wazi ya matundu mawili na kupima huko, mkono mmoja ukiwa nyuma.

Bila mzigo yangu inasoma volti 235 na Hz 52, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ikibeba mzigo inashuka kidogo. Kisha nachomeka pasi ya wati 1,000: Hz 50 na nusu. Pasi hiyo inavuta ampea 4 na kitu. Nikitaka kuziona nabana waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima utasoma sifuri na kudhani mita mbovu, kumbe umeme wa kwenda na wa kurudi unafutana. Nina kipande cha ekstensheni nilichochuna ganda la nje ili nyaya ziachane kwa kazi hii.

Hz zikianguka chini ya 48 kwa pasi moja tu, shida iko upande wa injini: gavana, kabureta, au chujio la hewa limeziba. Hz zikiwa nzuri na volti ndogo, mtazame AVR na brashi za kaboni. Ukipata volti 3 au 5 tu, sumaku ya asili ipo lakini haichochewi. Hapo mwite fundi, usifungue. Na usishtuke ukipima kati ya waya wa moto na tundu la ethi ukakuta 115 hivi au namba isiyoeleweka. Jenereta nyingi ndogo hazikuunganisha waya wa baridi na ethi, mita inaokota mabaki.

Betri ya mita ibadilishe alama yake ikitokea tu. Zile za bei rahisi, betri ikichoka, zinasoma juu ya ukweli, na utamlaumu AVR asiye na kosa.

Ile ya njano sikuitupa. Nimempa shemeji, apimie betri ya Vespa yake.