Kabla ya kufunga eneo la uvuvi wa kamba Bagamoyo: mambo ya kuzingatia

Vikao vya kufunga eneo la uvuvi kwa muda ili lipumzike mara nyingi huanza na mfano wa miamba. Wavuvi wa Kigombe, mkoani Tanga, walifunga baadhi ya miamba yao miaka ya 1990, na mfano huo ni mzuri. Ila samaki wengi wa mwamba hukaa palepale. Kamba hakai. Hutaga baharini, watoto wake wakasukumwa na maji hadi kwenye mikoko, wakakulia humo wiki kadhaa au miezi michache, kisha wakarudi baharini, hasa masika mito inapojaa. Wengi hawamalizi hata miaka miwili.

Kwa hiyo kabla ya kuchora mstari wowote, amueni mnamlinda kamba wa umri gani. Wachanga wako vijitoni na kwenye maji ya tope karibu na milango ya mito Ruvu na Wami. Wakubwa wako nje. Zamani bahari yetu iligawanywa kanda tatu kwa ajili ya meli za kukokota kamba, na miezi ya mwanzo wa mwaka ilifungwa. Kuelekea 2008 serikali ikasimamisha meli hizo kabisa kwa sababu kamba walikuwa wamepungua. Hatua ile ilikuwa ya lazima, lakini meli kuondoka hakuondoi juya la kokoro, wavu unaokokotwa kwa mikono, kwenye maji ya magoti. Kama ni kuchagua sehemu moja tu, mimi ningefunga vijito vya mikoko, tena kuanzia kabla ya masika, ili kamba atoke akiwa na ukubwa wa kuuzika. Australia, kwenye uvuvi wa kamba wa kaskazini, hufanya yote mawili: majani ya bahari wanamokulia wachanga yamefungwa, na bahari ya nje ina misimu yake.

Linalofuata ndilo zito kuliko yote, nalo hurukwa. Nani atakosa kitoweo siku ya kwanza? Si mwenye mashua, yeye atahamia kwingine. Ni kina mama wanaotanda uduvi kwa miguu maji yakitoka, maana chandarua kinachobeba uduvi hubeba na kamba wachanga. Waitwe kabla mpango haujaandikwa, wala wasije kusomewa uamuzi uliokwisha kupitishwa. Wao ndio wanaojua kijito kipi kina wachanga wengi, na kwenye bamvua lipi, yaani siku zipi za maji makubwa. Huenda ikatosha kufunga vijito viwili na kuacha kimoja wazi, na hilo wakilisema wao litashika kuliko likisemwa na ofisi. Nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu walioumia hawakuulizwa.

Sheria isiachwe nyuma. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni za 2009 zinaitambua BMU, yaani kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi ufukweni, lakini faini ya kienyeji isiyopita mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri haina miguu ya kisheria. Upande wa Wami kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yenye sehemu yake ya bahari; ulizeni mipaka yao kwanza.

Alama ziwe za nchi kavu pia, kwa sababu maboya hukatika kusi likivuma. Wavuvi wa dago, wageni wanaokuja na upepo na kupiga kambi, nao wapelekewe habari kwenye madiko yao mapema. Mgeni ambaye hakuambiwa si mwizi. Doria ihesabiwe kwa mafuta: nani atanunua, kwa fedha ipi, mwezi wa tatu fedha hiyo itakuwa bado ipo?

Mwisho, pangeni siku ya kufungua kabla ya siku ya kufunga. Eneo lililopumzika likifunguliwa bila utaratibu, kila chombo huingia asubuhi moja, barafu ikaisha, bei ikashuka mchana, na kazi ya miezi ikaliwa na wachuuzi wachache. Kubalianeni saa ya kuanza, matundu ya nyavu, na wanunuzi wangapi wameitwa. Vilevile kila diko liwe na daftari: uzito wa kamba wa kila chombo na ukubwa wao kwa jicho, wadogo na wakubwa. Liandikwe kuanzia sasa, wakati eneo bado li wazi, la sivyo baada ya kufungua mtabishana bila kipimo.