Kufufua injini ya chensoo kuukuu: tafuta chanzo kabla ya kununua pistoni

Mpasua mbao mmoja alinijia asubuhi akiwa amebeba chensoo ya Stihl 070 begani na pistoni mpya mkononi, imefungwa kwenye gazeti. Msumeno huo ulikuwa umekwisha kubadilishiwa pistoni mara mbili ndani ya miezi mitatu katika karakana nyingine, na zote mbili zilikuwa zimenoki, yaani zimekwaruzika na kukwama. "Shikamoo fundi, naomba unifungie hii tu, vijana wananisubiri porini." Nilimuuliza swali moja: ya kwanza ilikufa kwa sababu gani? Hakuwa na jibu, na ndiyo maana alikuwa amenunua ya tatu.

Mwongozo huu unahusu injini za aina hiyo, yaani za stroki mbili, za zamani, zenye kabureta ya kiwambo, ambazo bado zinapasua mbao za paini na mikaratusi kuanzia Mufindi hadi Njombe, kusini mwa Tanzania. Mfano wangu ni 070 kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo zaidi: silinda moja ya sentimita za ujazo 106, upana wa pistoni milimita 58 na mwendo wake milimita 40. Hata hivyo, utaratibu ni uleule kwa misumeno mingi ya umri huo.

Kabla ya kugusa chochote, ondoa cheni, chomoa kofia ya plagi, na fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko. Kisha safisha msumeno wote kwa brashi na mafuta ya taa. Wengi huona hatua hii ni ya urembo, lakini unga wa mbao uliochanganyika na oili ndio unaoziba mapezi ya kupozea silinda, na mchanga uliobaki juu ya kabureta huanguka ndani mara tu unapoifungua.

Sasa uliza injini maswali matatu kwa mpangilio huu: ina kompresheni (shinikizo la pistoni ndani ya silinda), ina moto, ina mafuta? Mafundi wengi huanza na kabureta kwa sababu ni rahisi kuifikia. Mimi huanza na kompresheni, kwa kuwa ikikosekana, hayo mengine mawili hayana maana. Njia ya haraka ni kushika mpini wa kamba ya kuwashia na kuuacha msumeno uning'inie taratibu ukiwa umezimwa. Injini nzima huushikilia uzito wake na kushuka kwa kusitasita, kila pistoni inapopita juu; iliyochoka hushuka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Ukiwa na geji, bana kitufe cha mafuta hadi mwisho na vuta kamba mara sita au saba. Ukisoma psi 120 au zaidi, endelea na mambo mengine. Ikiwa chini ya 100, injini itawaka kwa shida, hasa ikiwa ya moto.

Hata kama kompresheni ni nzuri, fungua ekzosi. Ni boliti chache tu, na dirisha lile litakuonyesha zaidi ya geji yoyote. Mulika kwa tochi ndani ya tundu la kutolea moshi, huku ukiipandisha na kuishusha pistoni kwa kuzungusha kwa mkono flaiwili, lile gurudumu zito la kwenye shafti. Ubavu wake unapaswa kuwa laini, na mistari ya kiwandani iliyolala ikionekana kwa mbali. Ukiona mikwaruzo ya kusimama upande wa ekzosi peke yake, injini ilikosa oili au ilikuwa ikivuta hewa nyingi kuliko petroli. Mikwaruzo ikienea pande zote, shuku joto, yaani mapezi yaliyoziba au petroli isiyo na oili kabisa. Upande wa kabureta ukiwa umesagika na kuwa wa kijivu kilichofifia, vumbi limekuwa likipita kwenye filta ya hewa. Andika unachokiona, au kipige picha kwa simu, kwa sababu ukishaitoa pistoni na kuitupa, ushahidi huo umeondoka nayo. Hilo ndilo lililofanyika mara mbili kwa msumeno wa yule mteja wangu.

Ukiwa hapo, kwangua masizi kwenye tundu la ekzosi kwa kipande cha mti mgumu, pistoni ikiwa imefunika tundu. Usitumie bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja kwenye ukuta wa silinda hautibiki.

Moto wa plagi

Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye silinda mbali na tundu, kisha vuta kamba. Unataka kuona moto wa buluu unaolia, si wa njano unaosinzia. Uwazi wa plagi ni milimita 0.5. Moto ukikosekana, kabla ya kulaumu koili, chomoa waya unaotoka kwenye swichi ya kuzimia na ujaribu tena. Waya huo huchubuka na kugusa bodi, na nimeona koili nzuri zikitupwa kwa ajili yake.

Misumeno ya zamani zaidi ina pointi, vidole vya chuma vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, chini ya flaiwili. Kukaa bila kutumika huzijengea utando usiopitisha umeme, na dawa yake ni kupitisha kati yake kipande cha kadi ngumu kilicholoweshwa petroli, kisha kikavu, hadi kitoke safi. Pointi zilizochimbika zisawazishwe kwa tupa ndogo au zibadilishwe. Zikichimbika tena baada ya siku chache, kosa ni la kondensa. Pima uwazi wa pointi kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia, zikiwa zimefunguka kabisa: katika nyingi ni kati ya milimita 0.35 na 0.4. Ukiirudisha flaiwili, angalia ufunguo wake mdogo kwenye shafti, kwa maana ukikatika hata nusu, moto utakuja wakati usio wake na kamba itakurudisha kwa kishindo kinachoweza kuvunja kidole.

Kuna koili inayofanya kazi ikiwa baridi na kufa ikipata joto. Injini huzimika baada ya dakika ishirini na kuwaka tena ikishapoa. Dalili hiyohiyo huletwa na tundu la kupumulia la tangi likiziba, kwa hiyo injini ikizimika, legeza kwanza mfuniko wa petroli. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikawaka papo hapo, tatizo ni tangi. Hewa isipovutwa, pima moto wakati huohuo injini ikiwa bado ya moto, ukiwa umeufunga tena mfuniko na kusogea mbali na petroli. Ukingoja ipoe, utajidanganya.

Mafuta na kabureta

Mimina petroli iliyomo kwenye chupa ya kioo na uiache itulie dakika kumi. Petroli ya chupa za barabarani mara nyingi ina maji, na maji yatajionyesha chini kama lulu. Kuhusu oili, mafundi hubishana bila mwisho, ila hesabu ni nyepesi: mchanganyiko wa 1 kwa 25 ni mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli, na wa 1 kwa 50 ni mililita 100. Kwa oili ya kawaida ya stroki mbili, injini kongwe ipe 1 kwa 25. Oili ya injini ya gari haifai, hata ikiwa mpya, kwa sababu haikutengenezwa kuungua na masizi yake hugandisha ringi. Mizani ya macho nayo, ile ya kumimina "mpaka rangi ibadilike", ndiyo iliyoua pistoni nyingi kuliko kitu kingine ninachokijua.

Kabureta yenyewe haina kibakuli. Ina viwambo viwili vya mpira mwembamba, kimoja kikisukuma petroli kwa mapigo ya hewa kutoka tumbo la injini, na kingine kikifungua sindano. Kitoe kiwambo na ukikunje karibu na sikio: kizuri kiko kimya, kilichokufa hulia kama karatasi kavu. Badilisha viwambo, gasketi, sindano na kichujio kidogo cha ndani kwa pamoja, kisha puliza njia zote kwa hewa. Usichokoe tundu kwa waya. Kuwa mwangalifu na gasketi iliyo kati ya kabureta na silinda, kwani katika modeli nyingi ina tundu dogo la kupitishia yale mapigo. Ikiwekwa kinyume, tundu huzibwa, na utavuta kamba mpaka jioni bila petroli kufika. Mpira wa petroli ndani ya tangi nao ukunje vizuri utafute nyufa, maana ufa usiovujisha petroli nje bado huvuta hewa ndani.

Hewa ya wizi

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, kwa sababu ndiko pistoni mbili zilikopotelea. Injini ya stroki mbili huvuta mchanganyiko kupitia tumboni mwake. Ikipata hewa kwingine, kupitia oili sili (pete ya mpira inayoziba kuzunguka shafti), gasketi ya silinda au mpira wa kabureta, mchanganyiko hukonda, yaani petroli huwa kidogo kuliko hewa inavyohitaji. Na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli, injini hukosa ulainisho wakati huohuo joto linapopanda. Dalili yake ni injini inayopandisha mlio yenyewe, inayokawia kushuka unapoachia mafuta, na isiyotulia hata ukirekebisha skurubu mara ngapi.

Kipimo chake hakihitaji vifaa vya ghali. Kata mpira wa tyubu, uziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa kubana boliti juu yake. Chukua plagi kuukuu, itoboe, uiunganishe na valvu ya tyubu, na uifunge mahali pa plagi. Shusha pistoni hadi chini kabisa ili njia za tumboni ziwe wazi, kisha jaza hewa kwa pampu ya baiskeli, taratibu, isizidi bar 0.5, kwa maana shinikizo kubwa litazing'oa sili mahali pake. Mimi hutumia geji ya mashine kuukuu ya kupimia shinikizo la damu: 300 yake ni bar 0.4, inatosha. Paka povu la sabuni kila kiungo na usubiri. Geji isishuke.

Katika 070 ile, ilishuka tukiitazama. Povu lilikuwa kimya kwenye gasketi, kimya upande wa klachi, lakini nyuma ya flaiwili viputo vidogo vilikuwa vikichomoza kimojakimoja kuzunguka shafti. Sili ilikuwa imekauka na mdomo wake umepasuka. Bei yake haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya pistoni. Ujue pia kwamba sili inaweza kushikilia hewa ya kusukumwa na bado ikapitisha ya kuvutwa. Kwa hiyo ikiwa ni kongwe na ngumu, ibadilishe hata kama imefaulu.

Unapotoa sili, usichimbe ukuta wake wala kukwaruza shafti. Tikisa pia shafti juu na chini kwa mkono: ikicheza, beringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu wiki. Katika misumeno mingi klachi hufunguka kwa kuzungushwa upande wa saa, kinyume na nati za kawaida. Ili injini isizunguke, ingiza kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa imekwisha kufunika tundu la ekzosi na inapanda, wala usiingize bisibisi. Na bodi ikipasuka, usimpelekee mchomeleaji wa mageti. Bodi hizi ni za aloi ya magnesiamu, na vumbi au vipande vyake vyembamba vikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima.

Kufunga na kurekebisha

Ukuta wa silinda ukiwa na aluminiamu iliyoganda kutoka pistoni, iondoe kwa msasa laini wenye oili. Ikiwa utando mgumu wa ukuta umebanduka na kucha inakwama, silinda hiyo imekufa. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda na upime uwazi wa ncha zake; ukikaribia milimita 1, ringi imekwisha. Mshale ulio juu ya pistoni utazame ekzosi.

Rudisha baa na cheni kabla ya kurekebisha, kwani injini isiyo na mzigo wowote hukimbia kupita kiasi. Funga skurubu za kabureta polepole hadi ziguse, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Hicho ni kianzio tu, na kitabu cha msumeno wako kikisema vingine, kifuate. Injini ikishapata moto, tafuta kwanza utulivu kwa skurubu ya mwendo wa chini, kisha weka mlio wa kupumzikia ambapo cheni haitembei. Ya mwendo wa juu imalizie kwa sikio: ukivuta mafuta yote bila kukata, mlio uwe mzito, wenye kugugumia kidogo, na ujisafishe mara cheni inapoingia kwenye gogo. Mlio mwembamba wa kulia kama nyigu unawafurahisha vijana, lakini hiyo ni injini inayoungua. Kumbuka pia kwamba Mafinga, ninakofanyia kazi, iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na msumeno uliorekebishwa hapa ukipelekwa Tanga bila kuguswa utakuwa umekonda; fungua skurubu ya juu kidogo kabla ya kuukatia.

Tulifunga pistoni ile ya tatu baada ya kubadilisha sili zote mbili na mpira wa petroli. Nilimwomba mteja akate magogo madogo kwa matangi matatu ya kwanza, kisha aniletee plagi tu, msumeno abaki nao. Alirudi siku ya soko akiwa nayo kwenye mfuko wa shati. Ncha yake ilikuwa kavu, rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa.