Kupima umri wa jivu la volkano kwa leza, punje moja moja

Leza haichagui. Utakachoiwekea ndicho itakachoyeyusha, hata kama ni punje ya mwamba wa kale iliyozolewa na mafuriko ikachanganyika na jivu. Tufu (jivu la volkano lililogeuka mwamba) za Olduvai, Tanzania, zina punje za namna hiyo. Ukizichoma kwa pamoja, unapata umri usio wa yeyote kati yao.

1. Ponda jiwe, chekecha, baki na punje za nusu milimita hivi. Zioshe kwa tindikali hafifu ya haidrofloriki, dakika chache tu. Tindikali hii hupenya ngozi kimyakimya hadi mfupani, kwa hiyo jeli ya kalisi glukoneti iwe mezani kabla hujafungua chupa.

2. Chagua feldspa, madini yenye potasiamu, chini ya hadubini. Nataka punje angavu kama kioo. Yenye ukungu naiacha. Shingo itauma, na hapa hakuna roboti wa kukusaidia.

3. Zipeleke kwenye kinu cha nyuklia pamoja na punje za kiwango, yaani zenye umri unaojulikana, mfano sanidini (aina ya feldspa) ya Fish Canyon ya Colorado, Marekani, yenye miaka milioni 28.2 hivi. Nyutroni hugeuza potasiamu-39 kuwa gesi ya arigoni-39, inayoonyesha potasiamu iliyomo; arigoni-40 huzaliwa potasiamu ikioza miaka kwa miaka, na uwiano wa hizo mbili ndio unaotoa umri. Zikirudi, subiri mionzi ipungue.

4. Panga punje kwenye vishimo vya sahani ya shaba, ukichora ramani papo hapo. Niliwahi kupiga chafya juu ya sahani. Kazi ya siku mbili ikaishia sakafuni. Kisha funga chumba, vuta hewa yote, kipashe moto usiku kucha.

5. Andika foleni kwenye programu: kipimo kitupu (bila punje), punje tatu, kitupu tena. Nguvu ya leza ipande taratibu, la sivyo punje huruka na kutua kwenye shimo la jirani. Gesi isafishwe dakika kadhaa, ndipo spektromita, mashine ya kutenganisha atomi kwa uzito, isome arigoni-36 hadi 40. Sasa nenda kalale.

6. Asubuhi toa vipimo vitupu, kisha ondoa arigoni ya hewa kwa uwiano wa 298.56 kati ya arigoni-40 na arigoni-36. Panga umri kuanzia mdogo. Punje kumi na nane zikikaa karibu na milioni 1.8 na mbili zikasoma mamia ya mamilioni, mbili hizo ni wageni: usiziingize kwenye wastani, ila ziache kwenye jedwali, msomaji azione.